Saa Nane: Sita, Sawa

9 Februari

Mwanangu,

Salamu nyingi. Natumaini u mzima, unakula, na ile baridi ya bweni uliyoilalamikia imekuachia. Sisi huku wazima wa mwili. Mama yako mzima, mguu wake umepona, na mdomo wake ndio mzima kuliko vyote. Ningependa niishie hapo, nifunge bahasha.

Subiri amefariki. Ndiyo, huyo huyo, rafiki yangu unayemwita baba mdogo. Alhamisi iliyopita, tarehe nne, boila ya kiwandani ilimpasukia. Nilimkabidhi zamu saa nane mchana, nikamwachia kitabu na funguo, nikaja nyumbani kula. Sijamaliza sahani, nikasikia mshindo. Mimi na masikio yangu haya, nilisikia. Nilikimbia na mikono ya chakula. Tulimzika kesho yake, na sanduku lilifungwa kabisa. Mkewe hakuruhusiwa kumtazama.

Miaka kumi na tisa tumepokezana ile boila, mwanangu. Unajua kwa nini tulimwita Subiri. Kila ukitaka kugusa valvu, yeye: "Subiri kwanza." Mtu wa namna hiyo ndiye wanayesema alikuwa mzembe!

Kiwanda kimeunda kamati. Yupo meneja, yupo mtu wa bima, na yupo injinia aliyeletwa kutoka mbali, kijana wa miwani. Walinihoji juzi. Injinia alisoma karatasi yake: "Mfumo ulikabidhiwa ukiwa katika hali thabiti, kisha mhudumu akauvuruga." Nilimwomba arudie, akarudia. Nikatikisa kichwa kama mjusi, lakini sikuelewa kitu. Nilichoelewa ni kwamba asiyekuwepo na lake halipo, na Subiri hayupo.

Kikao cha mwisho ni tarehe ishirini Aprili, na mimi ndiye shahidi. Sasa, mama yako ananiambia kwamba hicho unachosoma huko muhula huu kinaitwa mifumo sijui nini. Je, ni mifumo hiyo ya injinia? Kama ndiyo, nifundishe. Nina miaka hamsini na nane, niliishia darasa la saba, lakini kujumlisha na kutoa najua, na boila naijua kuliko huyo wa miwani. Niandikie, usinipigie simu. Masikio yangu yaliliwa na ile mashine zamani, nitaitikia "ndiyo, ndiyo" bila kusikia chochote.

Baba yako

20 Februari

Shikamoo baba,

Habari za hapo? Mama hajambo? Mimi mzima, ila tangu barua yako ije sina raha. Nililia bafuni wenzangu wasinione. Baba mdogo ndiye aliyenifundisha kuendesha baiskeli, akikimbia nyuma yangu akipiga kelele, "Subiri! Subiri!" Poleni sana. Nimemwandikia mama mdogo barua yake peke yake.

Ndiyo, ndiyo hiyo. Somo linaitwa mifumo badilifu. Lakini baba, nimelianza wiki tatu tu. Kipofu anamwongoza kipofu. Nikikupeleka shimoni, tutakuwa wote.

Haya, somo la kwanza. Mwalimu wetu alisema kila mfumo una vitu viwili. Kuna HALI, yaani namba inayokuambia kitu kikoje sasa hivi. Na kuna KANUNI, inayokuambia hali itakuwaje hatua inayofuata. Ukijua hali ya sasa na kanuni, unajua ya kesho, na ya keshokutwa, mpaka mwisho. Ni hayo tu. Mengine yote ni kuyapanua hayo.

Zoezi. Chukua ndoo. Hali yake ni lita zilizomo. Kanuni: kila hatua, mwaga nusu ya kilichomo, halafu ongeza lita mbili. Anza na lita kumi na mbili. Mwaga nusu, zimebaki sita, ongeza mbili, ni nane. Endelea. Halafu anza upya na ndoo tupu, ufanye vile vile. Niambie umeona nini. Usinidanganye kwamba umefanya kama hujafanya, nakujua.

Binti yako

2 Machi

Mwalimu wangu,

Marahaba. Hujambo? Sisi hatujambo. Nimelifanya zoezi, tena kwa ndoo ya kweli, uani. Mama yako alisimama mlangoni akanitazama nikimwaga maji na kuongeza maji, akasema, "Leo ndiyo amechanganyikiwa rasmi." Nikamwambia niko darasani. Akasema, "Basi darasa lako linamaliza maji ya kufulia."

Niliyoyaona: kumi na mbili, nane, sita, tano, nne na nusu, halafu inasogea kwenye nne pole pole. Ndoo tupu: mbili, tatu, tatu na nusu, nayo inapanda kwenye nne. Nikajaribu na ndoo iliyofurika. Nne! Popote nilipoanzia, naishia nne. Nilikaa kwenye kigoda nikacheka peke yangu. Ni mara ya kwanza kucheka tangu msiba. Halafu nikaona aibu.

Sasa nikufundishe mimi, maana na mimi nina somo. Boila inachemsha maji yawe mvuke, nayo ina kioo cha maji, bomba la kioo lililosimama ubavuni, limeandikwa moja mpaka kumi. Kawaida tunakaa kwenye sita. Chini ya mbili ni hatari, mabomba ya moto yanabaki uchi na chuma kinakuwa chekundu. Ukimwagia maji chuma hicho, umekwisha. Hilo kila mtu analijua. Wasilolijua ni kwamba kioo kinadanganya. Zile roli kubwa za kupigia mashuka pasi zikifunguliwa zote kwa mpigo, zinavuta mvuke kwa nguvu, na maji ndani yanaumuka kama maziwa yanayochemka. Kioo kinapanda wakati maji hayajaongezeka hata tone! Roli zikifungwa, kioo kinaporomoka ghafla, nao ni uongo vile vile, kwa muda. Kwa hiyo roli zikifunguliwa husomi kioo. Unangoja dakika kumi ndipo unaandika. Mimi na Subiri tuliyajua haya kabla huyo injinia hajajua kusoma.

Shemeji yangu, mjane wa Subiri, wamempa barua. Kwa kuwa marehemu "alisababisha ajali kwa uzembe", hana haki ya mafao, na nyumba ya kiwanda aihame mwisho wa Aprili. Watoto wawili. Nakwenda kumwona kila jioni baada ya kazi, ananikalisha kwenye kiti chake marehemu, ananipa chai. Ananiuliza, "Shemeji, utawaambia nini?" Namwambia, "Binti yangu ananisomesha, tulia." Usiniaibishe, mwalimu.

Baba yako

13 Machi

Shikamoo baba,

Natumaini wote hamjambo. Mimi nimekuwa na mafua lakini yamepita. Nimecheka sana habari za ndoo, nimewasomea wenzangu. Wanakuita Profesa Ndoo.

Ile nne uliyoiona inaitwa mahali pa utulivu. Ukifika hapo, kanuni haikusogezi tena. Lakini mahali pa utulivu ni pa aina mbili. Weka gololi ndani ya bakuli, isukume kidogo, itayumba na kurudi chini. Huo ni uthabiti, ndilo neno la injinia wako. Sasa geuza bakuli kifudifudi, uiweke gololi juu kabisa ya mgongo wake. Inaweza kukaa, ukiwa na mkono mwepesi. Lakini ukipumua tu imeondoka, wala hairudi. Nayo ni utulivu, ila si thabiti.

Kwa hiyo injinia anaposema mfumo ulikabidhiwa ukiwa katika hali thabiti, anamaanisha gololi ilikuwa ndani ya bakuli saa nane, kwa hiyo aliyeitoa ni baba mdogo. Hiyo ndiyo hoja yake yote. Nayo imesimama juu ya kitu kimoja, baba: hali ya mwanzo. Kioo kilikuwa namba ngapi saa nane? Nitumie daftari la boila la siku ile, kila mstari, na pampu ilifunguliwa kiasi gani, na roli zilifunguliwa saa ngapi. Nikipata kanuni na hali ya mwanzo, nitahesabu dakika kwa dakika. Tutamsafisha. Naliona kabisa!

Binti yako

22 Machi

Mwanangu,

Pole na mafua. Kunywa maji ya moto. Sisi tu wazima, ila mama yako analalamika kwamba bakuli zake zote ziko kifudifudi.

Daftari limefungiwa kwa meneja, lakini karani ni mtu wangu, amenipa dakika kumi za kunakili. Mwandiko ni wangu mpaka saa nane, kwa hiyo unasomeka. Hii hapa:

Saa saba na nusu: kioo nne. Pampu robo.
Saa saba na dakika arobaini na tano: kioo tatu na nusu. Pampu robo.
Saa nane kasoro dakika mbili: roli zote zimefunguliwa.
Saa nane: kioo sita, sawa. Pampu robo. Nimekabidhi.
Saa nane na dakika ishirini na tano: roli zimefungwa.

Huo wa mwisho ni mwandiko wa Subiri. Baada ya hapo hakuna. Mwendesha roli anasema alimwona anafungua pampu yote, ndipo ikapasuka. King'ora cha maji kidogo kilikufa tangu mwaka juzi, tuliandika barua tatu. Kanuni nakupa kwa uzoefu: roli zikiwa wazi na pampu ikiwa robo, kioo kinapoteza nusu namba kila dakika tano.

Nimejaribu mwenyewe, kwa kuanzia sita, nikapata tatu na nusu. Tatu na nusu si hatari! Sasa ilipasukaje? Wao wanasema ni lazima alifunga pampu. Subiri hafungi pampu, ningekula kiapo. Mahali fulani pana kosa na kichwa changu hakilioni. Nakutegemea.

Baba yako

8 Aprili

Mwanangu,

U mzima? Ni wiki mbili na siku tatu sijapata neno. Barua zako huja kama saa. Kama ni mitihani, nisamehe. Kama ni ugonjwa, mwambie mwenzako aniandikie mstari mmoja. Shemeji ameanza kufunga vyombo. Juzi nilimkuta anafunga sahani kwenye magazeti, akaniuliza kama umejibu. Nikamwambia posta.

Zimebaki siku kumi na mbili.

Baba yako

9 Aprili

Shikamoo baba,

Samahani kwa kukawia. Nilikuwa na mitihani ya majaribio. Natumaini wewe na mama hamjambo.

Nimehesabu. Ukweli ni kwamba tulikuwa tunahangaika na kitu kisicho na uzito. Unaikumbuka ndoo? Popote ulipoanzia, uliishia nne. Boila ni mfumo wa namna hiyo hiyo. Inasahau ilikoanzia. Kwa hiyo ile namba ya saa nane haina maana yoyote, ingekuwa sita, ingekuwa ngapi, mwisho ungekuwa ule ule. Kosa ni la king'ora. Kingelia, baba mdogo angezima moto. Waambie hivyo tu: king'ora, na barua zenu tatu. Usiingie kwenye hesabu, watakuzungusha.

Na ile karatasi uliyonakili, ichane, baba. Karani anaweza kupata matatizo. Usimwonyeshe mtu.

Nawapenda sana. Mwambie mama nitakuja likizo.

Binti yako

16 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, mama yako mzima. Barua yako ilifika juzi. Nilifurahi mno, nikaisoma mara tatu, nikataka nivae viatu nikamweleze shemeji. Halafu nikasema ngoja, mwanafunzi mzuri anarudia zoezi.

Nikatoa ndoo uani. Nikajiuliza, kwa nini hii inasahau? Kwa sababu ulinipa kanuni ya kumwaga nusu ya kilichomo. Yakiwa mengi, namwaga mengi. Yakiwa machache, namwaga machache. Ndoo inajionea huruma yenyewe. Lakini roli hazina huruma, mwanangu. Hazijui ndani kuna maji kiasi gani, zinakunywa kipimo kile kile, kuwe na mengi, kuwe na kidogo. Ukianza chini kwa namba tatu, utamaliza chini kwa namba tatu. Ndoo inasahau, boila haisahau. Wewe unalijua hilo. Mtu aliyeniandikia lile somo la bakuli hawezi kukosa hilo.

Nikajiuliza tena, mbona ananidanganya? Mbona anataka nichane karatasi? Nikaichukua karatasi nikaisoma kama ya mtu mwingine. Nne. Tatu na nusu. Halafu sita. Pampu robo tupu, haijaongezwa. Maji yamepandaje? Nani kayatia? Hakuna aliyeyatia. Roli zilifunguliwa dakika mbili kabla. Yaliumuka. Nilisoma uongo wa kioo nikauandika kwa kalamu, nikaweka na "sawa" mbele yake. Mimi! Niliyekuandikia ukurasa mzima kwamba unangoja dakika kumi!

Maji ya kweli yalikuwa tatu, kwa mwendo ule wa kushuka nusu namba kila robo saa. Toa mbili na nusu za zile dakika ishirini na tano. Ni nusu. Chuma kilikuwa uchi, chekundu, na rafiki yangu hajui, maana alihesabu kutoka kwenye namba yangu, hakukiamini kioo kinachoumuka. Roli zilipofungwa kioo kikaporomoka, akasema moyoni, aa, huu ni ule uongo wa kila siku, tulianza sita, tuko tatu na nusu, acha niongeze maji. Alifanya sawasawa. Kwa namba niliyompa mimi, alifanya kama kitabu kinavyotaka. Angekuwa na namba ya kweli angezima moto na kutoka nje.

Utauliza kwa nini sikungoja. Nimejiuliza siku mbili. Hakukuwa na ugonjwa wala msiba wala mtu aliyeniita. Nilikuwa na njaa. Nilisikia harufu ya chakula cha watu wa roli, nikakumbuka mama yako amepika. Nilikuwa nimepanga nimfungulie pampu kabla sijatoka, nikaona sita, nikasema, ah, imejaa. Subiri aliniuliza, "Umengoja?" Nikamjibu, "Nenda kazini wewe." Tukacheka. Hilo neno sikuwahi kumwambia mtu, hata nafsi yangu sikuwa nimeiambia mpaka jana.

Sikukasirikii. Lakini usinichagulie. Tarehe ishirini nitakwenda na karatasi hii, na sitasema king'ora kwanza. Nitasema sita.

Mama yako nimemwambia. Amekaa kitandani.

Baba yako

18 Aprili

Baba,

Shikamoo. Barua yako imefika leo kwa bahati, na hii natoka kuitia posta sasa hivi, sijui kama itawahi.

Usiende. Nakuomba. Ndiyo, niliona tangu siku ile ile niliyopokea karatasi. Nilifika kwenye mstari wa saa nane, nikaweka kalamu chini. Wiki mbili nilikuwa naandika barua na kuzichana. Nilianza kuzipiga hesabu hizi ili nimsafishe baba mdogo, zikanipeleka kwako. Nikasema, Mungu wangu, mbona nilimwambia alete daftari? Mimi ndiye niliyekufundisha, baba. Ningekuambia barua imepotea, somo sijalielewa, nisubiri mwakani, usingejua maisha yako yote.

Watakufunga. Unalielewa hilo? Una miaka hamsini na nane. Mama mguu wake haujapona, unasema tu umepona. Aliyekufa hafufuki kwa wewe kwenda jela. Waambie king'ora, si uongo, king'ora kilikuwa kibovu kweli! Mama mdogo tutamsaidia, nikimaliza nikipata kazi nitawasomesha watoto wake wote wawili, naapa. Sema umesahau. Wazee wanasahau.

Baba, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, najua mimi niko mbali na si mimi ninayemwona mama mdogo akifunga sahani. Lakini wewe ni baba yangu, sina mwingine.

Binti yako

27 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Natumaini u mzima na unalala. Barua yako ilifika tarehe ishirini na tatu. Nilikuwa nimeshasema.

Nikusimulie, maana una haki. Chumba cha mikutano cha kiwanda, meza ndefu, feni inayolia. Shemeji alikaa kwenye benchi la nyuma na binti yake mdogo. Niliomba karatasi, nikachora kioo, nikaandika mistari ile mitano. Nikaanza kueleza kuumuka. Sijafika nusu, injinia akavua miwani akaiweka mezani. Alikuwa ameelewa. Meneja akaniuliza, "Mzee, una hakika unataka hili liandikwe?" Nikasema liandikwe. Katibu alinisomea: "Shahidi anakiri kwamba aliandika kipimo kisicho cha kweli na kumkabidhi marehemu." Nikamwambia aongeze kwamba marehemu hakukosea hata hatua moja. Akaongeza. Injinia aliniuliza nimejifunza wapi haya. Nikasema kwa mwalimu wangu, na sikutaja jina.

Nilitaja king'ora pia, na barua tatu. Kimepewa mstari mmoja, mwishoni.

Subiri ameondolewa uzembe. Shemeji habanduki kwenye ile nyumba, na haki yake atapata. Mimi nimeachishwa siku ile ile, funguo wamezichukua pale pale mezani. Polisi wameandika maelezo yangu, kesi itatajwa tarehe tatu Juni. Mwanasheria wa bure aliyepatikana anasema inaweza kuwa miaka miwili, inaweza kuwa mitano, inategemea hakimu ameamkaje. Mama yako hakunipakulia chakula siku mbili. Siku ya tatu alinipakulia, akaniwekea sahani mbele, akasema, "Kula basi. Si uliondoka kwa ajili ya hiki?" Halafu akalia, nami nikalia, na chakula kikapoa.

Shemeji alinifuata kwenye korido. Nilidhani atanipiga, nikasimama vizuri ili anipate. Akasema, "Ahsante, shemeji. Wanangu watajua baba yao hakuwa mzembe." Nikataka kumshika mkono. Akaurudisha nyuma. Akasema, "Miezi hii yote umekuja kwangu, umekaa kwenye kiti chake, umekunywa chai yangu, ukaniambia hujui kilichomuua." Nikamwambia, wallahi sikujua. Akasema, "Mwandiko ni wako. Mkono wako ulijua. Usije tena kwangu." Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Usije sasa. Maliza mitihani yako, utakuja Juni. Na usijilaumu kwamba ulinifundisha. Uongo wako ulikuwa wa mtoto anayempenda baba yake, ndiyo maana hesabu yake ilikuwa mbovu, wewe hukuzoea kukosea. Ningekufa bila kujua, ndiyo, na Subiri angebaki mzembe mpaka kiama, na mimi ningekuwa nakunywa chai yake.

Jana nilitoka kununua sabuni. Yule binti mdogo wa Subiri alikuwa anacheza barabarani na wenzake. Akaniona. Akaja mbio kama siku zote, mikono juu, "Baba mkubwa! Baba mkubwa!" Nami nikainama, nimsubiri. Katikati ya njia akakumbuka. Akasimama. Alinitazama, mimi bado nimeinama na mikono yangu imefunguka, halafu akageuka akaenda kwao akitembea.

Baba yako